Amosi, Mikuyu na Mkate wa Nabii

Katika habari zote za jinsi manabii wa Kiebrania walivyoitwa, ninayoirudia mara nyingi ni ile fupi kuliko zote. Haina kijiti kinachowaka moto, haina maserafi, haina sauti inayomwamsha mtoto usiku. Ni maneno machache ambayo Amosi wa Tekoa aliyasema akiwa amebanwa, mbele ya kuhani aliyekuwa akimfukuza. Yamo katika sura ya 7 ya kitabu chake, mstari wa 14 na wa 15: kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, na kwamba Bwana alimtwaa katika kufuatana na kundi akamwambia aende akawatabirie watu wake Israeli. Basi. Asingebanwa, huenda hata hayo tusingeyajua.

Huko kubanwa ndiko kunakonifanya niandike. Tumezoea kuusikia wito kama ushuhuda: mtu anasimama mbele, anasimulia Mungu alivyomtokea, kanisa linaitikia amina. Amosi hakuwa anatoa ushuhuda. Alikuwa anajibu shtaka, na shtaka lenyewe lilihusu riziki.

Tuanze na mahali. Ni katikati ya karne ya 8 KK. Israeli, ufalme wa kaskazini, uko chini ya Yeroboamu wa Pili. Yuda, ufalme wa kusini, uko chini ya Uzia. Ashuru imetulia kwa muda, Dameski imedhoofika, njia za biashara ziko wazi, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, inang'aa. Hili la kung'aa si maneno ya nabii peke yake. Mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuta katika magofu ya ikulu ya Samaria vigae vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za mitungi ya divai ya zamani na mafuta safi iliyoletwa kutoka mashamba ya vijijini. Miaka ya 1930 wachimbaji wengine walikuta hapo hapo vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi kupambia samani. Ukisoma sura ya 6 ya Amosi, kuhusu watu wanaojinyosha juu ya vitanda vya pembe, wanaokunywa divai kwa mabakuli na kujipaka mafuta yaliyo mazuri, halafu wala hawahuzuniki kwa mateso ya Yusufu, yaani Israeli, unasoma juu ya watu ambao samani zao zimepatikana.

Nayo haki ya mnyonge ilikuwa imeuzwa. Sura ya 2 inasema mhitaji aliuzwa kwa bei ya jozi ya viatu, na kwamba watu walijilaza kando ya madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani. Sheria ilikataza kulala na nguo ya maskini. Ilitakiwa irudishwe kabla jua halijatua, kwa sababu ndiyo blanketi lake. Mwaka 1960, kwenye ngome ndogo ya pwani karibu na Yavne, kiliokotwa kigae chenye barua ya mvunaji wa karne ya 7 KK. Mvunaji huyo anamlalamikia mkuu wa mahali kwamba alimaliza kazi yake ya kuvuna, lakini mtu mmoja akaja akamnyang'anya vazi lake, na wenzake wote waliokuwa naye juani watamshuhudia. Barua hiyo ni ya Yuda na ni ya baada ya Amosi, lakini kila nikifika Amosi 2:8 namfikiria yule mvunaji asiye na vazi, anayemwomba mkubwa asimwache bila msaada.

Sasa Betheli. Iko kama kilomita 17 kaskazini ya Yerusalemu, na wakati ule ilikuwa ndani kidogo tu ya mpaka wa Israeli. Ni mahali pa zamani sana; Yakobo alilala pale kichwa juu ya jiwe akaota ngazi. Ufalme ulipogawanyika baada ya Sulemani, Yeroboamu wa Kwanza alisimamisha pale ndama wa dhahabu, na mwingine kule Dani, ili watu wake wasiendelee kupanda kwenda Yerusalemu. Akaweka na makuhani wa kwake mwenyewe. Kwa hiyo Amazia, kuhani wa Betheli siku za Amosi, alikaa kwenye kiti kilichotoka ikulu. Anaposema Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme na ni nyumba ya ufalme, anaeleza hali ilivyo: anayemlipa ndiye mwenye mahali.

Amosi amekwisha kutamka hapo kwamba patakatifu pa Israeli pataharibiwa na nyumba ya Yeroboamu itainukiwa na upanga. Amazia anatuma habari kwa mfalme kwamba Amosi amefanya fitina, na nchi haiwezi kuyastahimili maneno yake. Kisha anamgeukia Amosi mwenyewe. Anamwita mwonaji, anamwambia akimbilie Yuda, akale mkate huko, na huko akatabiri.

Akale mkate huko. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita juu ya maneno hayo haraka, nikidhani ni namna ya kusema tu, kama tunavyosema "katafute maisha kwingine". Ni zaidi ya hapo. Amazia anadhani anaijua biashara iliyo mbele yake. Kwake mwonaji ni mtu anayesema kisha anakula, na mwonaji wa kutoka Yuda anayeitabiria Israeli mabaya atakuwa na wateja wazuri kwao Yuda. Nenda kule kwenye soko lako. Huenda hata alikuwa anamwokoa, anampa nafasi ya kuondoka kabla jibu la mfalme halijafika. Lakini hata huo wema, kama ni wema, umejengwa juu ya imani kwamba hakuna anayesema hivi bure.

Na Amazia hakuwa mjinga. Manabii walikuwa wanakula, tena kwa utaratibu unaojulikana. Sauli alipopotelewa na punda wa baba yake na kutaka kumwona mwonaji, wasiwasi wake wa kwanza ulikuwa kwamba hana cha kumpelekea. Kijana wake akatoa robo ya shekeli ya fedha, kama gramu 3 hivi. Mke wa Yeroboamu wa Kwanza alimwendea Ahiya na mikate kumi, kaki na mtungi wa asali. Elisha aliletewa mikate 20 ya shayiri, akaigawa. Hapo hamna ubaya. Mgeni haendi kwa mzee mikono mitupu. Ila kuna kiwango kingine kabisa: manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera waliokula mezani pa Yezebeli. Kuna na wale 400 wa Ahabu, ambao mfalme alipowauliza kama aende vitani Ramothi-Gileadi, wote kwa sauti moja wakamwambia apande tu. Aliyeitwa wa mwisho, Mikaya mwana wa Imla, alisihiwa njiani na mjumbe kwamba neno lake na liwe kama la wenzake. Hakukubali. Malipo yake yakawa gereza, na Maandiko yanataja alichoamriwa kupewa humo: mkate wa shida na maji ya shida.

Mika wa Moreshethi, aliyekuja muda mfupi baada ya Amosi, alilisema waziwazi: wapo manabii wanaotangaza amani wakiwa na kitu cha kutafuna, na asiyewatia kitu kinywani wanamtangazia vita. Ndiyo hali ambayo Amazia aliijua. Kuna na jambo jingine linalofanya jibu la Amosi liwe zito zaidi pale Betheli. Siku za Eliya na Elisha, Betheli yenyewe ilikuwa na "wana wa manabii", yaani chama cha manabii waliokaa pamoja chini ya bwana wao. Amosi anaposema yeye hakuwa mwana wa nabii, anayasema hayo katika mji uliowahi kuwa na chama hicho.

Nitasema jambo la kwetu kwa sababu siwezi kulisoma hili nikajifanya siishi ninapoishi. Pita barabarani mji wowote mkubwa wa Tanzania au Kenya uhesabu mabango yenye neno Nabii mbele ya jina. Sikiliza redio usiku: mafuta ya upako, maji, chumvi, na kila tangazo linaishia kwenye namba ya kutumia sadaka. Mgonjwa anaambiwa apande mbegu kwanza. Mjane anaulizwa amekuja na nini. Mimi ni mtu wa kanisa, na hayo yananiuma. Sisemi mtumishi asile. Paulo aliyeshona mahema Korintho ndiye huyo huyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba wanaoihubiri Injili waishi kwa Injili. Ninachosema ni kwamba Amosi, alipobanwa athibitishe kwamba ametumwa, jambo la kwanza kulikataa lilikuwa cheo. La pili lilikuwa kutaja kazi yake.

Baba yangu mdogo alikuwa mwinjilisti wa mtaa kijijini. Posho yake ilikuwa ndogo na ya kuchelewa, kwa hiyo alilima mahindi na kufuga mbuzi kama jirani zake wote. Mahubiri aliyaandaa akiwa shambani. Alikuwa na vikaratasi mfuko wa shati, vimekunjwa mara nne, vimelowa jasho hadi wino umetapakaa, na mimi nilitumwa kumpelekea uji nikamkuta ameegemea jembe anavisoma. Msimu mmoja wa mavuno alihubiri juu ya lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa na kushonewa kilemba juu huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Alisoma Amosi 8, mahali wafanyabiashara wanapoingojea sabato iishe ili wapunguze efa, yaani kipimo cha nafaka, waongeze shekeli, yaani uzito wa kupimia fedha, na kuuza takataka za ngano. Mnunuzi mkubwa wa mazao alikuwa amekaa benchi la mbele, na bati za kanisa zilitokana kwa sehemu na mchango wake. Baada ya ibada wazee wa kanisa walimwita baba mdogo pembeni. Sikusikia waliyozungumza. Jumapili iliyofuata aliendelea na Amosi palepale alipoishia, na katikati ya wiki nilimkuta shambani kama kawaida.

Turudi kwa Amosi na kazi zake, maana ndipo utajiri wa habari hii ulipo.

Tekoa ni kama kilomita 8 kusini ya Bethlehemu, juu mlimani, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale ukaangalia mashariki, nchi inaporomoka: jangwa la Yuda, makorongo makavu, mpaka Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Ni nchi ya kondoo na mbuzi. Wengi humchora Amosi kama mchungaji fukara wa kuajiriwa, nami sina hakika. Jina la kazi yake katika mstari wa kwanza kabisa wa kitabu halipewi wachungaji wa kawaida; mtu mwingine pekee anayeitwa hivyo katika Biblia ya Kiebrania ni Mesha mfalme wa Moabu, aliyelipa kodi kwa sufu na wana-kondoo kwa maelfu. Pengine Amosi alikuwa mfugaji mwenye mifugo yake. Kama ni hivyo, jibu lake kwa Amazia lina uzito wa aina nyingine: sikuja hapa kwa njaa.

Halafu mikuyu. Hapa msomaji wa Kiswahili anasogea karibu kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu mkuyu ni mti wetu. Ni mti uleule, Ficus sycomorus, unaosimama kandokando ya mito yetu na matunda yake yakiwa vishada kwenye shina na matawi makubwa. Asili yake ni Afrika. Nilikulia karibu na mto wenye mikuyu, na mtoto yeyote aliyekula makuyu anajua kwamba ukilipasua lililoiva utakuta ndani vijidudu vidogo mno vyenye mabawa. Sisi tulivipuliza tukala. Vijidudu hivyo ni nyigu, na bila nyigu wa aina yake mkuyu hauchavushwi, hautoi mbegu.

Nyigu huyo mchavushaji hakuufuata mti mpaka Misri na Kanaani. Mkuyu ulifika huko mikononi mwa watu na ulienezwa kwa kupanda vipande vya matawi, na tunda lake halikuiva vizuri lenyewe. Ilibidi mtu apande juu ya mti na kisu, achanje tunda mojamoja likiwa bado bichi. Likishapata jeraha hilo linavimba, linakuwa laini na tamu ndani ya siku chache. Wamisri wa kale walifanya hivyo, na kazi hiyo iliendelea katika nchi hizo mpaka karne ya 20. Ndiyo kazi ya Amosi. Ni kazi ya kurudia, ya mkono, tunda baada ya tunda, na tunda lenyewe lilikuwa chakula cha watu wa kawaida, wala si la kupelekewa wafalme.

Tena mikuyu haistawi Tekoa. Kule juu ni baridi mno kwake. Inaota nchi za chini: Shefela upande wa magharibi, pwani, na bonde la Yordani, ambako karne nyingi baadaye Zakayo alipanda mmojawapo huko Yeriko. Daudi alikuwa na msimamizi wa mizeituni na mikuyu ya Shefela, Baal-hanani Mgederi. Kwa hiyo Amosi alikuwa mtu wa njiani, anayeshuka mlima msimu wa makuyu na kupanda tena kwenye mifugo. Nadhani, na hii ni dhana yangu, kwamba mtu wa namna hiyo alizijua mizani za masokoni kabla hajazitolea unabii. Aliuza sufu. Aliona nani anapimiwa nini.

Ni katika kazi hiyo alipotwaliwa. Anasema alitwaliwa kutoka nyuma ya kundi, na hayo si maneno mapya. Nathani alipompelekea Daudi neno la Mungu, katika 2 Samweli 7, alimkumbusha vilevile: nalikutwaa katika zizi, katika kuandama kondoo. Amosi anasimama ndani ya patakatifu pa ufalme uliojitenga na nyumba ya Daudi na kutumia maneno ya kutwaliwa kwa Daudi. Sijui kama Amazia aliusikia uchungu wake. Mimi nikiwa kuhani wake ningeusikia.

Mwaka 1965 mtaalamu wa Agano la Kale Norman Habel aliziweka habari za wito sambamba akaonyesha kwamba zina mwenendo mmoja: Mungu anamkabili mtu, anatanguliza neno, anatoa agizo, mtu anapinga, Mungu anamhakikishia, kisha inakuja ishara. Ukishauona mwenendo huo huwezi kuacha kuuona. Musa ana ulimi mzito. Gideoni ni mdogo katika nyumba ya baba yake, na jamaa yake ni maskini. Yeremia ni mtoto, hajui kusema. Isaya, mwaka aliokufa Uzia, analia kwamba midomo yake ni michafu, na kaa la moto linaletwa kuigusa. Kwa Amosi, kati ya hatua zote hizo, lililobaki ni agizo peke yake. Hakuna kaa, hakuna mkono unaogusa kinywa. Hata kuacha kazi hakutajwi. Elisha alipovikwa vazi la Eliya akiwa na jozi kumi na mbili za ng'ombe shambani, aliwachinja ng'ombe wake wa kulimia na kuwapika kwa kuni za vyombo vyao, akaaga. Amosi hasemi ameuza kondoo wala kutupa kisu.

Kwa muda mrefu nilifikiri kwamba Amosi hakupinga. Siku hizi naamini alipinga, ila pingamizi lake limewekwa mahali pengine na halimhusu yeye. Soma mwanzo wa sura hiyohiyo ya 7. Bwana anamwonyesha nzige wanaumbwa wakati majani yanaanza kuchipuka tena, baada ya mfalme kukata ya kwake. Mfugaji anaelewa papo hapo: mkato wa kwanza umekwenda kwa mfalme, mkato wa pili ndio wa mifugo ya wananchi, na huo ndio unaoliwa. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walioshambuliwa na nzige wa jangwani mwaka 2020 hawahitaji mtu awaeleze aya hiyo. Amosi analia: Bwana, samehe, Yakobo atasimamaje? Kwa maana ni mdogo. Na Bwana anaghairi. Anaonyeshwa moto unaokula vilindi na nchi. Analia tena maneno yaleyale: Yakobo atasimamaje, ni mdogo. Bwana anaghairi tena.

Musa na Yeremia walisema mimi ni dhaifu. Amosi alisema wao ni dhaifu. Mtu wa Yuda, nchi nyingine, mfalme mwingine, anaombea ufalme wa kaskazini wenye vitanda vya pembe, na anauita mdogo. Anamtaja Yakobo, aliyelala Betheli bila hata mto wa kulalia. Hapo ndipo ninapomwamini Amosi. Maneno makali kuliko yote katika kitabu kile yametoka kwa mtu aliyekwisha kuyazuia mara mbili.

Mara ya tatu Bwana anamwonyesha timazi ukutani, ule uzi wa fundi wa kupimia kama ukuta umenyooka, na safari hii anaulizwa anaona nini. Anajibu anaona timazi. Basi. Haombi tena. Bwana anasema hatawapita tena kamwe. Njozi ya nne, kikapu cha matunda ya wakati wa hari, anajibu vivyo hivyo kwa neno moja. Kati ya hizo mbili ndipo Amazia anapoingia na habari za mkate.

Amosi ana mahali pengine anapoueleza wito wake, sura ya 3, na huko anatumia maswali. Je, simba atanguruma mwituni bila mawindo? Ndege ataanguka mtegoni bila chambo? Tarumbeta itapigwa mjini watu wasiogope? Ni maswali ya mtu wa nje, mtu wa porini, kila moja jibu lake ni la, mpaka anafika: simba amenguruma, ni nani asiyeogopa? Bwana MUNGU amenena, ni nani atakayeacha kutabiri? Mistari michache mbele yake anamtaja mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Kipande hicho kilikuwa na kazi. Kutoka 22 inasema mnyama akiraruliwa, mchungaji alete mabaki yawe ushahidi, asilipe. Amosi anajua simba anaacha nini.

Mwaka 1904, katika machimbo ya Megido, ulipatikana muhuri wa jiwe la yaspi wenye maandishi yanayosomeka "wa Shema, mtumishi wa Yeroboamu". Wataalamu wengi humhesabu Yeroboamu huyo kuwa ni wa Pili, yule wa Amosi. Muhuri wenyewe ulipotea baada ya kupelekwa Istanbul, lakini nakala yake ya shaba ipo. Katikati yake amechongwa simba: mkia juu, kinywa wazi, ananguruma. Ofisa wa serikali aligonga simba huyo juu ya udongo wa barua na mitungi, na kila aliyeuona alijua ni nani anayeogopwa katika nchi ile. Mchungaji wa Tekoa akaja akasema aliyenguruma yuko Sayuni, yaani Yerusalemu.

Serikali ile ilikuwa na nabii wake pia, na sitaki kumwonea. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Yeroboamu aliurudisha mpaka wa Israeli toka Hamathi hata bahari ya Araba, sawasawa na neno la Bwana kwa kinywa cha Yona mwana wa Amitai, wa Gath-heferi. Lilikuwa neno la kweli na lilitimia. Mungu alikuwa ameona mateso ya Israeli. Amosi, mwisho wa sura ya 6, anaichukua mipaka ileile, toka maingilio ya Hamathi hata kijito cha Araba, na kusema taifa litainuliwa la kuwatesa kwa urefu wote huo. Neno la baraka la jana lilikuwa limegeuka mto wa kulalia. Ashuru hata haitaji kwa jina. Tiglath-pileseri wa Tatu alikalia kiti cha enzi mwaka 745 KK, na mwaka 722 Samaria ilianguka. Sargoni wa Pili anajisifu katika maandishi yake kwamba alichukua mateka zaidi ya watu 27,000.

Kuhusu kilichotokea pale Betheli baada ya majibizano, kitabu hakisemi kitu. Hatuambiwi kama Amosi alitolewa kwa nguvu, wala kama Yeroboamu alijibu barua ya kuhani wake. Tunachoambiwa ni kwamba alisema miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi, lile la siku za Uzia ambalo nabii Zekaria alilikumbuka karne kadhaa baadaye na ambalo wachimbaji wa Hazori wanaona alama zake katika kuta zilizoinama. Naamini tetemeko hilo liliwafanya watu wayachukue maneno yake kwa uzito na kuyahifadhi.

Na waliohifadhi walikuwa waaminifu kwa namna inayonishangaza. Barua ya Amazia ilidai Amosi amesema Yeroboamu atakufa kwa upanga. Yeroboamu hakufa kwa upanga. Alilala na baba zake baada ya miaka 41 ya utawala. Aliyeuawa ni mwanawe Zekaria, mbele ya watu, akiwa ametawala miezi sita tu. Mwandishi aliyetaka kumsafisha nabii wake angeweza kuifuta barua ile au kuirekebisha. Hakufanya hivyo. Aliiacha kama ilivyotumwa, na mstari mmoja tu juu yake akaacha maneno ambayo Amosi aliyasema hasa, kwamba upanga utainuka juu ya nyumba ya Yeroboamu. Kuhani alikuwa amelihamisha neno kutoka kwenye nyumba hadi kwa mfalme mwenyewe, akaondoa na jina la Bwana aliyelisema, na mtu yeyote mwenye kitabu mkononi anaweza kulinganisha mstari wa 9 na wa 11.